Sauti ya Baba Bila Picha

Jumatatu ile nilirudi kutoka shuleni nikiwa nimechoka hata kuvua viatu. Niliketi kwenye kochi na viatu vyangu, nikaiweka kompyuta mapajani, nikaiwasha, kisha nikaenda kuchemsha chai. Laptop ile ilikuwa na desturi yake: haikufunguka kabla ya maji kuchemka. Nilipokuwa namimina ndipo ilipotoa mlio wake wa kukaribisha. Nikarudi, nikatafuta video ya baba, nikaibonyeza.

Sauti ikatoka vizuri kabisa. "Mpaka ni huu," alisema baba. "Unaanzia hapa, unaenda hivi, mpaka unafika pale." Nilisikia upepo, ng'ombe mmoja kwa mbali, na kikohozi chake kikavu. Lakini kwenye skrini hapakuwa na baba. Palikuwa na ukijani mtupu, kisha mistari, kisha skrini yote ikawa nyeusi, halafu kona ya chini likatokea tangazo lenye adabu nyingi kwamba draiva ya picha imeacha kufanya kazi na imerejea. Imerejea wapi, sikuambiwa. Nilijaribu mara tisa. Chai ikapoa.

Niseme mapema mambo yalivyokuwa, maana sikuwa natafuta burudani. Baba yetu alikufa akiwa ameshagawa shamba lake la Dundori kwa mdomo na kwa mguu, si kwa karatasi. Sehemu ya juu ni ya kaka yangu mkubwa, ya chini ni yangu. Katikati yalipandwa maua ya mpaka, yale yenye majani marefu ambayo kwetu mtu hayang'oi hata akiwa mlevi. Baada ya mazishi tulilikodisha shamba lote kwa mkulima wa viazi, naye akaleta trekta kutoka mbali, na mwenye trekta, asiyejua ua la mpaka wala ua la harusi, akalima kila kitu kikawa kipande kimoja. Mkataba ulipoisha tukarudi kugawana. Mimi nikasema mpaka ulipita upande wa juu wa jiwe kubwa la katikati ya shamba. Kaka akasema ulipita upande wa chini. Kati ya neno lake na langu palikuwa na ukanda wenye upana wa nyumba moja, na nyumba yenyewe ilikuwa yangu. Nilikuwa nakaribia kustaafu ualimu, na msingi nilikuwa nimeshauchimba papo hapo.

Wazee watatu wa ukoo walikuwa wameketi sebuleni kwa mama Jumamosi iliyotangulia. Mama aliwapa chai, akawapa mkate, akaondoa vikombe. Wazee wakasikiliza, wakakuna vichwa, wakasema turudi baada ya wiki moja na ushahidi. Kaka akasema kama ushahidi hautapatikana, Jumatatu itakayofuata ataenda kortini. Alisema bila kunitazama. Huyu ndiye aliyenifundisha baiskeli, ndiye aliyeacha shule ili mimi nimalize. Kusimama naye mbele ya hakimu lilikuwa jambo ambalo sikuweza hata kulifikiria hadi mwisho. Lakini kiburi ni kiburi. Nikajibu, "Ushahidi ninao. Baba mwenyewe atawaambia."

Nilikuwa nao kweli. Siku baba alipoonyesha mpaka, kaka alikuwa kazini Mai Mahiu, na mimi nilikuwa na kamera ya kanisa. Miaka ile nilikuwa nikirekodi harusi na mahubiri. Nilimrekodi baba, nikahamisha video kwenye laptop, nikairudisha kamera, na miezi michache baadaye tukamzika. Sikuwahi kuitazama video hiyo. Mwanzoni niliogopa kulia. Baadaye ulikuwa uvivu tu. Sasa kamera ile ilikuwa ya kizamani, na video zake zilikuwa za aina yake. Nilijaribu kuipeleka kwenye simu, simu ikaikataa. Nikaichomeka kwenye televisheni ya jirani, nayo ikaandika kwamba haiijui. Iliyokubali kuifungua ilikuwa laptop peke yake, nayo ilinipa masikio ikaninyima macho.

Na masikio hayakusaidia kitu. "Unaanzia hapa." Hapa wapi? "Unafika pale." Pale wapi? Ilikuwa kama mtu anayekuelekeza njia kwa simu huku akinyoosha kidole. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nimefundisha watoto kusoma ramani kwa zaidi ya miaka thelathini, na shamba la baba yangu mwenyewe lilikuwa limenishinda.

Jumanne baada ya vipindi niliteremka mjini kwa fundi mmoja mwenye kibanda juu ya ngazi, kati ya kinyozi na duka la mitumba. Aliifungua, akaitazama kwa muda wa kupiga chafya mara mbili, akatoa hukumu.

"Mzee, hii dawa yake ni moja tu. Tunapiga window mpya."

Nilijua maana yake. Hapa kwetu kila ugonjwa wa kompyuta dawa yake ni hiyo: unafuta kila kitu, unaanza upya. Ni kama daktari ambaye kila mgonjwa, hata wa jino, anampeleka upasuaji.

"Na vitu vyangu vya ndani?"

"Vitu gani?"

"Video."

"Hizo zinaenda, boss. Lakini mashine itakuwa fiti, utadhani umetoa dukani."

Niliifunika laptop kwa mikono yote miwili. Fundi akacheka, akasema basi sawa, kama sitaki dawa kali atanipa nyepesi. Akavua shingoni flash iliyoning'inia kwenye kamba ya viatu. Humo, alisema, mna draiva za kila mashine duniani. Draiva, kwa wasiobahatika kuteseka nazo, ni programu ndogo inayoielekeza kompyuta jinsi ya kukitumia kiungo chake fulani: hii ya sauti, ile ya picha. Ikiwa ya picha imezeeka au si yake, kompyuta ina macho lakini haioni kitu. Mafundi wetu hawahangaiki kutafuta ipi ni ya mashine ipi. Wanamwaga zote, zitakazoshika zishike.

Zilishika vibaya. Kompyuta ilipowaka tena, maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango la mgombea, na alama za skrini zilikuwa kubwa kama mandazi. Nilipoibonyeza video, mashine ilizimika yote. Hata sauti ya baba nikaikosa.

"Sasa hiyo ni graphics card imekufa," fundi akasema, akimaanisha kile kiungo chenyewe cha picha.

"Imekufa saa ngapi, na nimekuja nayo ikiwa hai?"

"Hizi vitu za zamani ziko hivyo, mzee. Zinangoja tu sababu."

Nilimwambia neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema, nikaondoka. Njiani nilihisi kulia, mtu mzima mwenye mvi, kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Jumatano nilijaribu mwenyewe katika chumba cha walimu, wenzangu walipokuwa madarasani. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nililijua. Siku niliponunua laptop ile, iliyotoka ng'ambo baada ya kutumiwa na watu wa ofisi, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuizuia isijisasishe. Sote hufanya hivyo. Sisi hatupati intaneti kama maji ya bomba, tunainunua kwa vikombe, na hakuna anayetaka kuamka akute kompyuta imekunywa bando lake lote kwa kujirembesha. Kwa hiyo draiva ya picha ilibaki kama ilivyokuja, mwaka baada ya mwaka. Lakini ile programu ya kuchezea video haikuzuiliwa. Kila nilipounganisha mtandao wa shule, ilijisasisha kimyakimya, mpaka ikafika mahali pa kuidai draiva ile mambo isiyoyajua.

Nilipata ukurasa wa waliotengeneza mashine. Wakataka nambari iliyoandikwa chini ya tumbo la laptop. Nikaigeuza. Karatasi ilikuwapo, lakini maandishi yalikuwa yamesuguliwa na mapaja yangu kwa miaka yote ile, ikabaki herufi moja na kitu kinachofanana na sufuri. Kengele ikalia. Nikaenda kuwafundisha kidato cha pili jinsi bonde la ufa lilivyotokea, na nikawafokea bila sababu.

Alhamisi nilimwendea mama mmoja kijana wa Rhonda, mtaa ninaoishi, mwenye duka la kupiga picha za pasipoti na kujazia watu fomu. Sikumfikiria mwanzoni kwa sababu hajiiti fundi, na pengine, niseme ukweli, kwa sababu ni mwanamke. Aliiwasha, akayaona yale maandishi makubwa, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, nani alikuwekea hii?"

"Mtu wa mjini."

"Alikuwekea ya kisasa sana. Hii card yako ni ya kitambo, hiyo mpya haiijui. Na ile ulikuwa nayo mbeleni ilikuwa imezeeka. Unataka ile ya mwisho walitengenezea hii card kabla waiache. Si mpya, si ya zamani. Ya mwisho."

"Na nambari imefutika."

"Hiyo ya chini tuachane nayo. Kila kitu ndani kiko na namba yake, kama ID."

Akafungua orodha ya viungo vya mashine, akafika penye alama ya manjano ya hatari, akaingia ndani, na kweli nambari ilikuwa hapo, ndefu, yenye herufi na tarakimu, haijaguswa na paja la mtu. Akainakili. Akaanza kutafuta. Niliketi kwenye stuli ya wapigwa picha, pazia jeupe nyuma yangu, nikamtazama akisoma kurasa moja baada ya nyingine bila haraka. Nilitaka kumbusu mikono. Alipoipata na kuanza kuipakua, ikafika nusu, stima ikapotea mtaa mzima.

Tulingoja. Alinipa njugu. Stima haikurudi, akaniambia nije kesho. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka ule uchovu usiotibiwa na usingizi, uchovu wa kungoja vitu ambavyo huwezi kuvisukuma.

Ijumaa alasiri aling'oa kwanza ile draiva ya mjini, kisha akaweka yake. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Nilihesabu moyoni, nikaacha kuhesabu. Yeye alikuwa akimkatia mteja picha zake za pasipoti kwa mkasi, hata hakuitazama. Halafu skrini ikarudi, na maandishi yalikuwa madogo, makali, yamekaa mahali pake.

"Jaribu video yako," akasema.

Nikaibonyeza. Baba akatokea. Koti lake la kijivu, kofia ya sufu, jua la asubuhi upande mmoja wa uso. Alipepesa macho, akafungua mdomo kusema. Niliifunga laptop kwa kishindo. Yule mama akaangalia pembeni.

"Pole, mwalimu," akasema. "Ni mzazi?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikutaka kutazama zaidi mle dukani, mbele ya mteja mwenye tai ya kukodi shingoni. Nilijua kilichomo. Nilikuwapo.

Jumamosi Dundori kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Wazee walikuwa wameshafika, watatu wale wale, mmoja akiwa ameanza kusinzia. Kaka aliketi karibu na mlango, kofia gotini. Nilivuta pazia ili mwanga usiingie kwenye skrini, nikaiweka laptop juu ya meza ya chai, nikawageuzia. Mama alikuwa akipitapita na thermos.

Nikabonyeza. Baba akatokea. Aliyesinzia akaamka. Nilimsikia kaka akivuta pumzi, kwa sababu tangu mazishi hakuwa amemwona baba akisogea. Baba akakohoa. Akasema, "Mpaka ni huu." Akainua mkono wenye fimbo. Na mkono ukatoka nje ya picha.

"Unaanzia hapa," alisema uso wa baba. "Unaenda hivi, mpaka unafika pale." Macho yake yalifuata fimbo kutoka kushoto kwenda kulia. Fimbo haikuonekana. Jiwe halikuonekana. Ulionekana uso tu, mzuri, umekaa katikati barabara, kama nilivyofunzwa na waliokuwa wakirekodi kanisani kabla yangu: mzee akisema, usiuache uso wake. Geuza kamera wakati mzee anaongea na watu watasema umemdharau. Nilikuwa nimefanya kazi safi.

Siku tano nzima nilikuwa nimeihangaikia picha hii.

"Si ungegeuza kamera kidogo tu?" kaka akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angeuliza kwa ubaya.

Mzee mmoja akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Uso, mkono, hapa, pale. "Rudisha tena." Mara ya tatu, kaka aliinuka, akaja akachuchumaa mbele ya meza, pua karibu na skrini.

"Huyo nyuma ni nani?"

Nyuma ya bega la baba, mbali kidogo, kulikuwa na mtu aliyeinama. Kitambaa cha kichwa, gumboots, kamba ya katani inayotoka mkononi mwake na kwenda nje ya picha. Alikuwa akichimba kishimo, akiweka kitu, akikanyaga udongo, akisogea hatua mbili, akiinama tena. Baba alipokuwa akinena, yeye alikuwa akipanda.

Sote tukageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na thermos yake.

"Mami," kaka akasema, "huyu si ni wewe?"

"Ni mimi. Ulidhani hayo maua nani alipanda? Baba yenu alikuwa anaumwa na mgongo."

"Na unajua ulipandia wapi?" mzee mkubwa akauliza.

"Mtu anasahau aje kitu amepanda na mikono yake?"

"Sasa mama, Jumamosi ile yote tulikaa hapa. Mbona hukusema?" mzee akauliza tena.

"Mliniuliza?" Aliiweka thermos mezani, kando ya laptop. "Mimi mliniitisha chai."

Kwetu mipaka ni neno la wanaume, na mama hakuwa ameitwa kwenye kikao kile, alikuwa mwenye nyumba tu. Mzee wa kusinzia alijifanya anatafuta miwani. Mama akavaa gumboots, akashika mpini wa jembe uliokuwa nyuma ya mlango, akatoka. Tukamfuata kwenye umande, wanaume watano.

Alianzia kwenye ua wa misonobari, akahesabu hatua zake kwa sauti ndogo, akashuka, akalipita jiwe. Akapita upande wa chini. Akaendelea mpaka ng'ambo, akasimama, akachomeka mpini ardhini. Kaka alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Msingi wangu ulikuwa juu yetu, mzima mzima, ndani ya shamba lake, na kwenye kona moja maji ya mvua yalikuwa yametuama.

Wazee walibaki nyuma wakisaidiana kuvuka mtaro. Nilimsogelea mama.

"Mami, uliniona nikichimba hapa."

"Nilikuona."

"Mbona hukunikataza?"

Alikuwa akifuta matope kwenye kiganja, kidole kimoja baada ya kingine. Alisema polepole, sauti ya chini, ili kaka asisikie.

"Wewe ndiye ulikuwa na kamera. Ulinipiga picha nikipanda, kutoka huko mpaka hapa. Nilijua unajua. Nikasema moyoni, huyu ameamua kumwibia ndugu yake. Sasa ningefanya nini? Nikushtaki kwa wazee, mtoto wangu?"

Kwa hiyo muda wote ule, tangu nilipoinua jembe la kwanza, alikuwa akinipikia, akinipakulia, akiniombea safari njema kila Jumapili nikirudi mjini, akiamini kwamba amezaa mwizi. Na alikuwa ameamua kunificha.

"Sikuona, Mami," nikasema. "Nilikuwa naangalia uso wa baba tu."

Kaka alikuwa hatua chache nyuma yetu. Alinitazama, mara ya kwanza tangu jambo lile lianze. Nikarudia kwa sauti kubwa, ili naye asikie, na wazee wasikie: sikuona.